Bibi Margarete na Ndovu Wake wa Sufu

Ukurasa huu umezoea kuwasimulia habari za wafalme, manahodha, masheikh na malenga. Leo nimependa niwatokee na mtu wa namna nyingine kabisa. Si mfalme wala si malenga; ni mshoni. Tena ni mshoni wa vitu ambavyo wengi wetu huviona kuwa ni upuuzi wa kitoto: ndovu wa nguo, punda wa nguo, paka, panya, nyani na dubu waliojazwa sufu matumboni. Jina lake ni Margarete Steiff, mwanamke wa Kijerumani, aliyezaliwa tarehe 24 Julai mwaka 1847 na kufariki tarehe 9 Mei mwaka 1909. Katika miaka yake 61 ya duniani, ukiitoa ile ya uchanga wake, hakupata kusimama kwa miguu yake mwenyewe.

Nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kazi yake ilikuwa kazi ya sindano, na sisi watu wa mwambao tunaijua sindano. Ni nani asiyejua kofia za vito zinavyoshonwa, au vitambaa vya kufuma vinavyotandazwa juu ya meza na migongo ya viti siku za Idi na za harusi? Ya pili ni nzito zaidi. Katika miji yetu wangalipo watoto wanaokalishwa vyumba vya ndani, mgeni akija wakafungiwa mlango, kwa kuwa Mola amewajaalia viungo dhaifu na wazee wao wanaona haya. Maisha ya bibi huyu ni jawabu kwa wazee hao, na ni jawabu lisilohitaji ukali wala matusi.

MARADHI YA UTOTONI

Margarete alizaliwa katika mji mdogo uitwao Giengen, ulioko kando ya mto Brenz, kusini mwa Ujerumani, si mbali na mji mkubwa wa Ulm. Baba yake, Friedrich Steiff, alikuwa fundi mkuu wa majengo. Nyumbani walikuwa watoto wanne: Marie na Pauline waliomtangulia, yeye mwenyewe, kisha ndugu yao mwanamume aliyeitwa Fritz.

Alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi alishikwa na homa kali. Homa ilipoondoka ilimwacha na miguu isiyokwenda na mkono wa kulia ulio dhaifu, unaouma kila ukiinuliwa. Ni yale maradhi ya kupooza ambayo leo sote tunayajua kwa jina la polio. Wakati ule hapakuwa na aliyejua yanatoka wapi wala yanazuiwa kwa nini. Chanjo yake ya kwanza ilitangazwa mwaka 1955, miaka 46 baada ya bibi huyu kuzikwa. Mama anayempeleka mwanawe kliniki leo kutiwa yale matone mawili mdomoni, basi na ajue kwamba anapewa kitu ambacho mamake Margarete angalikinunua kwa mali yake yote lau kingalikuwako.

Wazee wake hawakukaa kitako. Mwaka 1856 walimpeleka kwa tabibu katika mji wa Ludwigsburg, akatibiwa, kisha akapelekwa Wildbad, mahali penye chemchemi za maji ya moto ambako wagonjwa walikuwa wakiogeshwa wapate nafuu. Nafuu haikupatikana. Mtoto alirudi Giengen vile vile alivyokwenda, ila moyo wake ulikuwa umekwisha kuona ulimwengu ulio nje ya mtaa wao.

Wala hawakumficha. Alipelekwa shule kama watoto wengine, akikokotwa ndani ya kigari na ndugu zake pamoja na watoto wa jirani. Inasimuliwa kwamba mchana alikuwa akikaa mbele ya nyumba ndani ya kigari chake, na wanawake wa mtaani waliokuwa na kazi zao wakimwachia watoto wachanga awaangalie. Yeye asiyeweza kukimbia ndiye aliyekuwa akitunga michezo na kuwapanga wenziwe wanaokimbia. Nawaomba wasomaji waliweke jambo hili akilini, maana kila kilichofuata maishani mwake chatokana nalo.

ZITA NA CHEREHANI

Alipofika miaka 17 alikata shauri kwamba hatatafuta tena tiba. Hakukata tamaa, alichokata ni kungojea. Wako watu ambao umri wao wote huuweka rehani kwa siku ile watakayopona, na siku hiyo isipofika huwa hawakuishi. Binti huyu alichagua kuishi na mwili aliopewa.

Alijifunza kupiga zita, chombo cha nyuzi kinacholazwa mezani au mapajani, ambacho sisi tuliokulia kwenye taarabu tungekiita ndugu wa kanuni. Mkono ulimuuma, lakini alikipiga hata akawa anawafundisha wengine na kupata senti zake mwenyewe. Kadhalika aliingia katika darasa la ushoni. Kushika sindano kwa mkono ule wa kulia ilikuwa taabu juu ya taabu, lakini alishikilia mpaka akahitimu kuwa mshoni kamili.

Dada zake wakafungua kazi ya kushona nguo za kike, naye akawa pamoja nao. Cherehani ilipoingia nyumbani, na vyombo hivyo vilikuwa vigeni katika mji ule, likazuka tatizo. Gurudumu la cherehani huzungushwa kwa mkono wa kulia, na mkono wake wa kulia haukuwa na nguvu hiyo. Akafanya nini? Akaigeuza cherehani, nyuma ikawa mbele, akazungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto. Jambo dogo, lakini ndani yake mna hekima kubwa. Chombo hakikumwelekea yeye, akakigeuza kimwelekee.

Mwaka 1874 baba yake aliitengeneza upya nyumba ili bintiye awe na chumba cha kazi cha mahali pazuri. Mwaka 1877, akiwa na umri wa miaka 30, Margarete akafungua duka lake mwenyewe la nguo zilizo tayari kuvaliwa. Hakupata kuolewa. Duka ndilo lililokuwa nyumba yake.

SUFU ILIYOSHINDILIWA

Nguo alizouza zilikuwa za kitambaa cha namna ya peke yake, kiitwacho felti. Yafaa nikieleze, maana bila kitambaa hiki hadithi haikamiliki. Vitambaa vingi hufumwa: nyuzi hupita huku na huku, juu na chini. Felti haifumwi. Ni sufu ya kondoo iliyolowekwa maji ya moto, ikasuguliwa na kushindiliwa hata nywele zake zikashikana zisiachane tena. Wazee wetu waliokuwa wakivaa tarabushi nyekundu walikuwa wakivaa felti juu ya vichwa vyao bila ya kuijua kwa jina hilo.

Faida ya felti ni kwamba hata ukiikata kwa mkasi, pindo halifumuki. Huna haja ya kuikunja wala kuipiga upindo. Kwa mshoni mwenye mkono mmoja mzima, hiyo ni rehema. Na katika mji wa Giengen palikuwa na kiwanda cha felti kilichoendeshwa na jamaa zake wa upande wa mama. Kitambaa kilikuwa karibu, bei ilikuwa nafuu, na vipande vilivyobaki vilikuwa vingi. Basi vitu vitatu vilikutana mahali pamoja: mkono dhaifu, kitambaa kisichofumuka, na mwanamke ambaye toka utotoni kazi yake ilikuwa kuwachekesha watoto.

NDOVU WA KWANZA

Mwezi wa Desemba mwaka 1879, Margarete aliona katika gazeti la mitindo ya nguo mchoro wa kukatia kitambaa umbo la ndovu. Akaukata, akaushona kwa felti, akaujaza sufu. Nia yake haikuwa mchezo hata kidogo. Alitaka kijimto cha kuchomekea sindano na pini, zawadi kwa jamaa na rafiki walio washoni kama yeye.

Lakini watoto hawaulizi kitu kilikusudiwa nini. Watoto wa jamaa wakawachukua ndovu wale, wakawatoa pini mgongoni, wakalala nao. Kijimto cha sindano kikageuka kuwa rafiki. Bibi Margarete, ambaye aliwajua watoto kuliko alivyojua biashara, hakuwakemea. Aliona kilichotokea, akashona wengine. Ndiyo maana mwaka 1880 huhesabiwa kuwa mwanzo wa kazi yake kubwa.

Ndugu yake Fritz ndiye aliyeona kwamba hapa pana riziki. Alitia ndovu ndani ya gunia, akaenda nao gulioni katika mji jirani wa Heidenheim, na gunia likarudi tupu. Kufikia mwaka 1886 ndovu waliokwisha kushonwa na kuuzwa walikuwa zaidi ya 5,000.

Hapa nisimame kidogo, maana sisi wa Pwani hatuwezi kulisikia neno ndovu bila kukumbuka mambo. Miaka ile ile ya 1880 ndiyo miaka ambayo ndovu wa kweli wa bara letu walikuwa wakiuawa makundi kwa makundi, na pembe zao kuteremshwa pwani mabegani mwa watu, zikapakiwa Mombasa na Unguja, kwenda kufanywa vitufe vya kipiano, mipira ya biliadi na vitana huko Ulaya na Marekani. Na mwaka 1885 ndio Wajerumani walioweka himaya yao Witu, chini ya Sultani Ahmed aliyejulikana kwa jina la Simba, kabla ya kuikabidhi kwa Waingereza mwaka 1890. Taifa moja, muongo mmoja: wako waliokuja kwetu kutafuta ardhi na pembe, na yuko mwanamke aliyekaa kitini kwao akawafanya watoto wampende ndovu ambaye hawakupata kumwona. Simhesabii mtu dhambi za wenziwe, na wala sisemi kwamba ndovu wa felti alimwokoa ndovu wa nyama. Nasema tu kwamba watu wawili waweza kumtazama mnyama mmoja, huyu akaona mizani na yule akaona uso.

RAHA YA KAZI YENYEWE

Aliyepata kushona au kufuma mnyama wa kuchezea atanielewa nikisema kwamba kazi hii ina raha ambayo haimo katika shati wala suruali. Shati hulijua kabla hujaanza. Mnyama humjui mpaka amekwisha.

Hukatwa pande mbili za mwili, kulia na kushoto, kisha hukatwa kipande cha tumbo kitakachoziunganisha na kumfanya asimame kwa miguu minne. Hushonwa ndani-nje, ikaachwa nafasi ndogo, kisha hupinduliwa. Hapo huwa ni ngozi tupu, imelegea, haina maana. Ndipo sufu inapoanza kuingizwa kidogo kidogo kwa kijiti: kwanza mkonga, kisha miguu, kisha kichwa, mwisho tumbo. Kila tonge la sufu humnenepesha. Ukijaza sana shingo atakuwa na kiburi. Ukijaza kidogo atakuwa mwenye huzuni. Sikio likishonwa juu kidogo, amesikia jambo. Likishonwa chini, amekwisha choka na maneno ya watu. Macho yakikaribiana ni mjanja, yakiachana ni mjinga mpendwa. Fundi mmoja kwa mchoro mmoja hawezi kupata ndovu wawili walio sawasawa, na hiyo ndiyo furaha yenyewe. Anayefuma kwa sindano mbili na uzi wa sufu hupata raha hiyo hiyo, tena zaidi, kwa kuwa yeye hata ngozi ya mnyama huianza kwa fundo moja.

Bibi Margarete hakuishia kwa ndovu. Katika kitabu chake cha kwanza cha bidhaa chenye picha, cha mwaka 1892, walikuwamo nyani, punda, farasi, ngamia, nguruwe, panya, mbwa, paka, sungura na twiga. Msomaji wa Lamu atafurahi kwamba punda hakusahauliwa. Humo ndimo alimoweka kanuni yake ambayo wafanyakazi wake waliishika hata baada ya kufa kwake: kwamba mtoto hapewi kilichobaki, hupewa kilicho bora kuliko vyote. Yeye mwenyewe alikuwa akikikagua kila kielelezo kipya kabla hakijaingia sokoni, mishono ivutwe, macho yajaribiwe, ili mtoto asije akadhurika.

SUALA LA DINI

Najua yuko msomaji ambaye toka mwanzo ananiuliza kimoyomoyo: je, hizi si sanamu? Swali ni la haki, wala sitalikimbia.

Sisi tuliopita chuoni tulisomeshwa kuchukia sanamu zinazoabudiwa na picha zinazotukuzwa. Lakini katika hadithi zilizo sahihi tunasoma pia kwamba Bibi Aisha, radhi za Mungu zimshukie, alikuwa na wanasesere aliokuwa akiwachezea na wenziwe nyumbani kwa Mtume, sala na amani zimshukie, naye hakumkataza. Imepokewa vile vile kwamba miongoni mwao alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo. Mtume alipouliza habari za farasi huyo mwenye mbawa, bibi akamkumbusha kwamba Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa, naye Mtume akacheka hata meno yake ya ndani yakaonekana.

Na iko nyingine inayoingia moja kwa moja katika maneno yetu ya leo. Imepokewa kutoka kwa Rubayyi binti Muawwidh kwamba wanawake wa Madina, walipokuwa wakiwafungisha watoto wao saumu ya Ashura, walikuwa wakiwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufu. Mtoto akililia chakula hupewa mchezo ule, akashughulika nao mpaka jua likatua. Sufu, mkono wa mama na mtoto mwenye njaa: hiyo ni kazi ya Bibi Margarete, imefanywa Madina zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili kabla hajazaliwa. Kwa dalili hizo wanazuoni wengi waliviruhusu vitu vya kuchezea vya watoto, ijapokuwa wako waliozuia. Mimi si mufti. Natosheka kukumbusha kwamba kumfurahisha mtoto kwa kazi ya sindano si jambo geni kwetu lililoletwa na meli.

DUBU ALIYEPEWA JINA LA RAISI

Mwaka 1893 kazi iliandikishwa rasmi kuwa kiwanda cha vitu vya kuchezea vya felti, kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1897 akaingia kazini Richard, mtoto wa Fritz, kijana aliyesomea sanaa mjini Stuttgart na ambaye alipenda kukaa kwenye bustani ya wanyama akiwachora. Mwaka 1902 Richard alibuni dubu wa namna mpya, mwenye mikono, miguu na kichwa kinachogeuka. Hakushonwa kwa felti, bali kwa kitambaa chenye manyoya laini ya mbuzi wa Angora, kiitwacho mohea, jina ambalo asili yake ni Kiarabu.

Shangazi mtu hakupendezwa sana mwanzoni. Kitambaa kilikuwa ghali, na dubu alikuwa mkubwa. Lakini alimwachia kijana nafasi. Mwaka 1903 dubu walipelekwa kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig. Wateja walipita bila ya kuwajali, hata maonyesho yakawa yanakaribia kufungwa, ndipo alipotokea mnunuzi kutoka Marekani akaagiza 3,000.

Kumbe kule Marekani ulikuwa umeingia wazimu wa dubu. Mwezi wa Novemba mwaka 1902, Raisi Theodore Roosevelt alikwenda kuwinda katika jimbo la Mississippi. Wenyeji wake walimkamata dubu wakamfunga mtini ili raisi ampige risasi, naye akakataa kumpiga mnyama aliyefungwa, ijapokuwa dubu yule aliyekwisha jeruhiwa alimalizwa kwa kisu. Mchoraji wa gazeti, Clifford Berryman, akalichora tukio hilo, watu wakacheka, na dubu wa kuchezea wakaitwa kwa jina la utani la raisi, yaani Teddy. Huko Brooklyn muuza duka Morris Michtom naye alikuwa akishona dubu wake. Basi mtindo ulizaliwa pande mbili za bahari kwa wakati mmoja.

Mwaka 1907 kiwanda cha Giengen kilishona dubu wapatao 974,000 kwa mwaka mmoja. Ndani ya kiwanda walikuwamo wafanyakazi 400, na wengine 1,800 walishonea majumbani mwao. Mwaka 1903 palikuwa pamejengwa jengo la vyuma na vioo, kuta zake zote mwangaza, ili washoni waone vizuri mishono yao. Kwa kuwa waliofanya kazi humo wengi walikuwa wasichana, watu wa mjini wakaliita hodhi la mabinti, kama lile la samaki wa mapambo. Jengo hilo lasimama hata leo.

KIFUNGO SIKIONI

Kitu kikisifika, waigaji huja wenyewe. Mwaka 1904 mpwa mwingine, Franz, alibuni alama isiyoweza kubanduka kirahisi: kifungo kidogo cha chuma kilichopigiliwa katika sikio la kila mnyama. Vifungo vya mwanzo vilichorwa ndovu, kwa heshima ya yule kijimto cha sindano. Mnunuzi hakuwa na haja ya kusoma karatasi wala kumsadiki mwuzaji. Hushika sikio tu.

Nikilitafakari jambo hili nawakumbuka kina mama zetu wanaoshona kofia nyumbani, mmoja akachora, mwingine akashona, miezi ikapita katika kofia moja. Kisha kofia ile hufika dukani ikawekwa safu moja na kofia iliyotiwa nakshi kwa mashine nchi za mbali, na mteja asiyejua huchukua ile ya rahisi. Bibi wa Giengen alikuwa na washoni wa majumbani 1,800, lakini kazi yao ilikuwa na jina na alama. Ya kina mama zetu haina kifungo sikioni. Wenye vyama vya akina mama na walifikirie jambo hili, kwani sifa ya fundi ikipotea njiani, riziki yake nayo hupotea njia hiyo hiyo.

MWISHO WAKE

Mwaka 1906 kampuni ilipangwa upya ili wapwa zake wawe na usukani pamoja naye. Yeye aliendelea kukaa katika nyumba iliyojengwa mahsusi, yenye njia ya mteremko badala ya ngazi, ili kiti chake cha magurudumu kipite bila kumwomba mtu msaada.

Hapa tarehe zinakutana kwa namna ya ajabu. Tarehe 21 Aprili mwaka 1909, Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani mwezi wa Machi, aliteremka Mombasa kutoka kwenye meli ya Kijerumani iitwayo Admiral. Alikuja kuwinda. Kwa hesabu yake mwenyewe, yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari hiyo, na 11 kati yao walikuwa ndovu. Hazijatimia wiki tatu tangu mtu huyo kukanyaga pwani yetu, Margarete Steiff alifariki Giengen kwa ugonjwa wa mapafu, tarehe 9 Mei. Mmoja jina lake limebaki kwa dubu ambaye hakumshona. Mwingine alishona ndovu maelfu, na toka uchanga wake hakupata kutembea.

Kiwanda kingali kinafanya kazi, na mwaka 2005, ilipotimia miaka 125 tangu ndovu wa kwanza, pakafunguliwa huko Giengen nyumba ya makumbusho yake.

Nirudi kwa wale wazee niliowataja mwanzoni. Fundi Friedrich Steiff hakuwa na dawa ya kumponya binti yake. Alichokuwa nacho ni kigari cha kumpeleka shule, ruhusa ya kujifunza kazi, na chumba chenye mahali pa kukaa na mwangaza wa kushonea. Vitu hivyo vitatu havihitaji utajiri, wala havihitaji kuwa Ulaya. Mtoto asiyeweza kwenda mbio huenda ana mkono, au jicho, au sauti ya kusoma Kurani ikawatoa watu machozi, au akili ya hesabu inayowashinda nduguze wote. Haitajulikana ikiwa mlango umefungwa.

Basi mwenye mtoto wa namna hiyo na amtoe barazani akae na watu. Ampe daftari, ampe sindano na kitambaa, au chochote ambacho moyo wake utakielekea. Riziki i mikononi mwa Mwenyezi Mungu, nasi hatujui ameiweka katika kiungo gani. Wassalaam.